Mfungwa Naye ni Mwananchi

Juma hili twataka kusema na wasomaji wetu juu ya watu ambao gazeti hili haliwafikii mikononi. Ni ndugu zetu walio nyuma ya kuta za magereza, na wale walio katika vyumba vya mahabusu vya vituo vya polisi. Twajua wako watakaosema: "Mhariri amekosa la kuandika. Mwizi ana nini hata aandikiwe?" Twawaomba wenye maneno hayo wavumilie, watusome mpaka mwisho, ndipo watuhukumu. Maana hata huyo anayeitwa mwizi, kwa sheria yetu, husikilizwa kwanza.

Sisi wa Mabawa hatuhitaji kuonyeshwa njia ya kwenda Gereza Kuu la Maweni. Asubuhi utawakuta akina mama njiani na vikapu vyao, ndani mna sabuni, ndala na nguo safi. Umwulize mmoja wao habari za mwanawe, jibu ni lile lile: "Kesi imepigwa kalenda tena." Umwulize sababu, atakwambia: "Wanasema upelelezi haujakamilika." Mama huyo hakuiba kitu. Mwanawe naye hajathibitishwa kuwa kaiba. Lakini usiku ukiingia, kijana yule hulala chumba kimoja na watu ambao chumba hicho hakikujengwa kuwachukua wote.

Neno letu ni moja. Hakimu anapomfunga mtu, humnyima uhuru wa kwenda atakako kwa muda uliotajwa. Hamhukumu kuugua kifua kikuu. Hamhukumu kulala ubavu mmoja usiku kucha, asiweze kugeuka mpaka nyapara atoe amri ya kugeuka wote. Na mahabusu hajahukumiwa hata hicho kifungo. Kwa hiyo afya ya mtu aliye kizuizini ni amana mikononi mwetu sote tuliomtia humo, na msongamano unaoiharibu afya hiyo si kudura ya Mungu. Umefanywa na watu mlangoni pa kuingilia, na mlangoni hapo ndipo utakapoondolewa.

Tuanze na hesabu. Katikati ya miaka ya 2000 magereza ya Tanzania Bara yalikuwa na watu zaidi ya 40,000, na nafasi zilizohesabiwa rasmi hazikufika 30,000. Tangu wakati ule hesabu hiyo imeshuka, nasi twashukuru, kwa kuwa anayelaumu bila kushukuru si mkweli. Lakini jambo moja halikubadilika sana miaka yote hii: karibu nusu ya watu waliomo magerezani ni mahabusu. Maana yake ni kwamba, katika kila watu wawili wanaobanana katika chumba, karibu mmoja hajaambiwa na mahakama yoyote kuwa ana hatia. Na Katiba yetu, katika ibara ya 13, yasema wazi kwamba mtu aliyeshitakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa anayo hatia.

Kubanana huku kumekwisha kuua watu. Novemba 2002, huko Rujewa, wilaya ya Mbarali, mahabusu 17 walikufa kwa kukosa hewa katika chumba kilichojaa kupita kiasi. Hawakupigwa risasi, wala hawakunyongwa kwa hukumu ya jaji. Walikosa kitu ambacho Mungu humpa hata kunguru wa jalalani bure. Watu 17 katika nchi yenye amani, usiku mmoja, chini ya kufuli ya Serikali! Mwananchi anayesoma haya na asisikie haya usoni, na ajichunguze.

Wazee wetu walijua jela ilikuwa nini. Wakati wa Mjerumani mfungwa alitiwa mnyororo shingoni, na kiboko chake kilikuwa hamsa ishirini. Mwingereza alipokuja aliliondoa jina la Mjerumani, lakini jela hakuiondoa. Mtu aliyeshindwa kulipa kodi aliweza kutiwa ndani au kufanyishwa kazi. Katika mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji wetu wa Tanga, manamba aliyetoroka kazi alihesabiwa kuwa mkosaji wa jinai kwa sheria za siku zile. Jela haikuwekwa ili kumtengeneza mtu. Iliwekwa ili Mwafrika aogope.

Tena waliopigania Uhuru waliionja sheria hiyo. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishitakiwa kwa maneno yaliyoandikwa katika gazeti la chama, Sauti ya TANU, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi 6. Faini ililipwa. Mwaka huo huo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi. Kwa hiyo sisi wa magazeti ndio wa mwisho kuwa na haki ya kusema kwamba jela ni ya watu wabaya tu. Wenye kazi kama yetu walipitia humo, na nchi ikawa huru kwa jasho lao.

Baada ya Uhuru tulionyeshwa mfano mmoja ambao twapenda ukumbukwe. Watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, na mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Lakini aliona kwamba mtu akifa chini ya ulinzi wa wizara, waziri hawezi kusema, "Sikuwapo." Nchi haikumtupa kwa tendo hilo, na miaka minane baadaye ikampa Urais. Hapo ndipo tulipofundishwa kwamba mtu aliye kizuizini ana mwenyewe, na mwenyewe huyo ni Serikali, na Serikali ni sisi.

Sasa tuseme juu ya maradhi. Tulipopata Uhuru tulitangaza vita na maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi. Huyo adui wa tatu hapati ngome nzuri kuliko chumba kilichojaa watu, chenye dirisha dogo, ambamo watu hukohoa usiku kucha. Kifua kikuu husafiri kwa hewa. Mgonjwa mmoja asiyetibiwa akilala na watu wengi miezi mingi, hawezi kuugua peke yake. Wataalamu waliochunguza gereza moja mjini Mwanza katika miaka ya 1990 waliukuta ugonjwa huo umejikita humo. Upele nao wapenda miili inayogusana, na kuhara hupenda choo kimoja kwa watu wengi. Yule aliyeingia na sukari, au shinikizo la damu, au anayetumia dawa za UKIMWI kila siku, akikosa dawa zake ameanza kuhukumiwa adhabu ambayo haimo katika kitabu chochote cha sheria.

Mgonjwa wa uraiani akizidiwa, jirani humpakia bajaji mpaka Hospitali ya Bombo. Mgonjwa wa gerezani hawezi kujipeleka. Humngojea mganga aliyepo, kisha ruhusa, kisha gari, kisha askari wa kumsindikiza. Kimoja cha hivyo kikikosekana, hungoja mpaka kesho, na maradhi hayajui kungoja.

Anayedhani kwamba maradhi hayo hubaki ndani ya ukuta, amejidanganya. Askari magereza huvuta hewa ile ile, na jioni hurudi kwa mkewe na wanawe. Mahabusu hutoka kwa dhamana au kesi yake hufutwa, akapanda daladala pamoja nasi, akaja kulala Mabawa katika chumba cha kupanga chenye watu watano. Mlango wa gereza hufunguka pande zote mbili. Tukimtibu yule wa ndani, tumejikinga sisi wa nje.

Mfano mkubwa twaupata kwa Nelson Mandela. Januari 1962 alipita Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu, na Agosti ya mwaka ule akakamatwa. Alikaa vifungoni mpaka Februari 1990. Mwaka 1988, akiwa katika gereza la Pollsmoor, katika chumba chenye unyevu, alikutwa na kifua kikuu. Alipelekwa hospitali mapema, akapewa dawa, akapona, akatoka na kuiongoza nchi yake. Hiyo ilikuwa serikali ya makaburu, ambayo haikumpenda hata kidogo. Lakini iliyaogopa macho ya dunia. Sisi ambao twasema twawapenda watu wetu, tuogope macho ya nani ndipo tufanye?

Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni 122 za kuwatendea wafungwa, ukazipa jina la Mandela. Kanuni hizo zasema kwamba mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile apatacho mtu wa nje, bila malipo, na kwamba aonwe na mganga mapema mara aingiapo. Waafrika walikwisha kuyasema mambo ya namna hii kabla ya hapo, katika tamko lao la Kampala la mwaka 1996. Tena Februari 1999 wakuu wa magereza wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini walikutana katika mji wetu wa Arusha, wakatoa azimio lao juu ya uendeshaji mwema wa magereza. Watu wengi wanalijua Azimio la Arusha la mwaka 1967. Hili la 1999 nalo lastahili kujulikana, kwa kuwa limetolewa na wenye funguo wenyewe.

Katika kupunguza msongamano, njia iliyotumika sana kwetu ni msamaha wa Rais. Tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533. Tarehe 26 Aprili 2021 Rais Samia akasamehe 5,001. Sisi hatuupingi msamaha, maana ni jambo la huruma, na nyumba nyingi zilifurahi. Lakini twauliza swali moja la kiganga. Dawa za kifua kikuu hunywewa miezi 6. Aliyesamehewa akiwa katika mwezi wa pili, je, alitoka na barua ya kwenda kliniki ya kwao? Kama hakutoka nayo, tumemsamehe yeye na tumeusamehe na ugonjwa pamoja naye.

Liko na jambo la pili. Wavuvi wetu wa Sahare wanajua kwamba ngalawa ikivuja, baharia hushika upo akakumba maji. Lakini hafiki pwani kwa kukumba tu, asipotafuta tundu na kulitia kalafati. Msamaha ni upo. Hukumba wafungwa, wala hauwagusi mahabusu ambao ndio karibu nusu ya msongamano. Nasi twayaona matundu matatu.

Tundu la kwanza ni kukamata kwanza na kupeleleza baadaye. Julai 2019 Rais Magufuli aliingia katika gereza la Butimba, Mwanza, akawasikiliza mahabusu kwa masikio yake, na baada ya hapo wengi wakaachiwa. Twauliza: kama waliweza kuachiwa baada ya ugeni wa siku moja, walikuwa wamewekwa kwa ajili gani? Masheikh wa Uamsho waliachiwa Juni 2021, mashitaka yakafutwa, baada ya kukaa mahabusu kwa takriban miaka minane bila hukumu. Mtoto aliyezaliwa walipokamatwa alikuwa amekwisha kuanza shule. Mwaka 2022 Bunge liliibadili sheria ili mtu asishitakiwe mpaka upelelezi uwe umekamilika. Hilo ni jema sana, lakini makosa makubwa yaliachwa nje ya kanuni hiyo, na humo ndimo watu husahauliwa zaidi.

Makosa hayo makubwa mengi hayana dhamana kabisa. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kwamba kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa hayo hakipatani na Katiba. Agosti ya mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kifungu kikabaki. Sisi twaiheshimu mahakama. Lakini Bunge halikukatazwa kuifikiria sheria yake upya. Ukivuka mpaka wetu pale Horohoro, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa kila mshitakiwa haki ya kuomba dhamana, hata wa kosa la kuua, na jaji ndiye humnyima akiona sababu ya nguvu. Huko mtu ndiye huangaliwa, na kwetu jina la kosa ndilo huangaliwa. Upelelezi ukikawia, jina la kosa huwa kifungo.

Tundu la pili ni dhamana inayowezekana kwa sheria na isiyowezekana kwa maskini. Tuseme kijana amekamatwa kwa kesi ya baiskeli, na sisi wa Tanga twajua baiskeli ni nini. Kosa lake lina dhamana. Anatakiwa wadhamini wawili, wenye vitambulisho na barua za mtaa. Alikuja mjini kutafuta kibarua, kwao ni Handeni, hapa ajulikana kwa jina la utani tu. Atakaa ndani, na mwenzake wa kosa lile lile, mwenye mjomba dukani, atakula chakula cha jioni kwao. Tena kituoni dhamana haina bei. Anayeiuza anauza mali isiyo yake, na anayeinunua anamfundisha auze tena.

Tundu la tatu ni vifungo vifupi kwa makosa madogo. Tangu mwaka 2002 tunayo sheria ya huduma kwa jamii, ambayo humruhusu hakimu, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, kumwamuru mkosaji afanye kazi ya umma huku akilala kwake. Mifereji ya Mabawa huziba kila masika. Shule zina madarasa ya kupakwa chokaa. Mkosaji wa miezi mitatu anaweza kuzibua mfereji mchana na kuwalisha wanawe jioni. Tukimtia ndani, twamlisha kwa kodi yetu, twamlaza na majambazi wamfundishe kazi yao, na pengine twamrudisha kwetu na kikohozi. Hiyo ni hesabu ya hasara ambayo hata mwenye genge hawezi kuikubali.

Kwa hiyo haya ndiyo tunayoyadai. Kila anayeingia gerezani au mahabusu ya siku nyingi apimwe kifua kikuu na maradhi mengine, na anayetoka apewe barua ya kliniki na dawa za kumfikisha. Mganga wa gereza awe na sauti ya mwisho juu ya mgonjwa kwenda hospitali, na Wizara ya Afya ikague matibabu ya humo kama ikaguavyo zahanati yoyote. Kila gereza libandike mlangoni idadi ya nafasi zake na idadi ya watu waliomo, kama daladala iandikavyo abiria wake. Mahakimu waitumie sheria ya 2002, na maafisa wake waongezwe. Bunge liweke ukomo wa siku za upelelezi hata kwa makosa makubwa. Na Tume ya Haki Jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kumkabidhi Rais ripoti Julai 2023, isifanye kazi ya kujaza kabati. Kila pendekezo lililomo juu ya watu walio kizuizini litajwe hadharani limefikia wapi.

Lakini gazeti hili haliwezi kuinyooshea Serikali kidole likawaacha wananchi. Wangapi kati yetu tuliitwa kutoa ushahidi tukaacha kwenda kwa sababu siku ile ilikuwa ya soko? Kesi ikaahirishwa, na mtu akalala ndani wiki mbili zaidi kwa ajili ya uvivu wetu. Wangapi tuna kitambulisho na jina jema mtaani, tukakataa kumdhamini kijana tunayemjua tangu anatambaa? Wangapi tulimpiga mtu kwa kelele ya "mwizi" kabla hatujamwona mwenye mali? Na wenyeviti wa mitaa, barua ya dhamana ni haki ya mwananchi. Msiigeuze kuwa kitoweo cha ofisi.

Tutaulizwa: "Na yule aliyeibiwa je? Yule aliyejeruhiwa je?" Swali hilo ni la haki, nasi hatulikwepi. Aliyedhulumiwa anataka kesi iishe, mkosaji ajulikane, na fidia ipatikane. Kesi inayopigwa kalenda miaka mitatu haimpi hata kimoja katika hivyo. Mashahidi husahau, vielelezo hupotea, na mwishowe mshitakiwa hutoka kwa kukosekana ushahidi, amekonda, amejaa kinyongo. Haki inayokawia humdhulumu aliye ndani na aliye nje. Tukifanya haraka kumhukumu mwenye hatia na haraka kumwachia asiye nayo, wote wawili wamefaidika, na chumba kimepata hewa.

Hatuombi gereza liwe hoteli. Mkosaji atumikie kifungo chake chote alichopewa. Twaomba tu asitumikie na kingine ambacho hakupewa, na asiyehukumiwa asitumikie chochote. Tulipolishusha bendera la mkoloni hatukusema kwamba uhuru ni wa watu wema peke yao. Tulisema kila aliyezaliwa katika nchi hii ni mtu, na binadamu wote ni sawa. Maneno hayo yana thamani pale tu yanapomfikia yule ambaye hatumpendi, katika chumba ambacho hatukioni, usiku anapokohoa.

Mama mwenye kikapu atapita tena kesho asubuhi kwenda Maweni. Msomaji, ukimkuta njiani, usimpite kimya. Mwulize kesi itatajwa lini, na kama mwanawe amekosa mdhamini, nenda naye.